Gari Likilala Gereji, Nani Alipe Nauli?

Gereji za Kenya zina jibu la kila swali isipokuwa moja. Ukiuliza gharama, utaandikiwa. Ukiuliza spea gani imekufa, utaonyeshwa, tena utashikishwa ikiwa bado na grisi. Uliza gari litatoka lini, uambiwe, "Tutakupigia, mkubwa." Hapo mwenye gari anarudi kwenye matatu na bodaboda, na simu aliyoahidiwa anaishia kuipiga mwenyewe, wiki baada ya wiki.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Gereji yoyote inayopokea gari, iwe ya wakala mkubwa mwenye sakafu ya vigae kando ya Barabara ya Mombasa au ya makanika wa jua kali kule Kariobangi, iandike tarehe ya kulitoa. Tarehe hiyo ikipita bila kosa la mwenye gari, aliyechelewesha atoe gari mbadala au alipe nauli. Na sheria iseme hivyo, kwa sababu hisani haijatosha.

Wapo watakaodai kwamba hili ni lalamiko la wenye nacho. Hao hawajakaa karibu na mtu anayekula kwa gari. Dereva wa teksi ya simu aliyenunua gari kwa mkopo analipa kila mwezi, na benki haimuulizi kama gari liko barabarani au juu ya mawe. Mfanyabiashara anayetoa viazi Marikiti kwa pikapu yake sasa anakodi ya mwenzake, na faida yote inaishia huko. Matatu ikilala, dereva na kondakta wanalala nayo, ilhali majina yao hayamo kwenye karatasi yoyote ya gereji wala ya bima. Na ile bima yenyewe iliyolipiwa mwaka mzima inaendelea kuhesabu siku zake huku gari likikusanya vumbi uani kwa fundi.

Tuanze na ajali, maana hapo ndipo siku nyingi zinapopotelea. Chukua gari lililogongwa mbele kwenye foleni ya Barabara ya Thika. Mwenyewe anaenda kituo cha polisi kuchukua abstrakti. Anajaza fomu ya dai. Gari linavutwa hadi gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni ya bima, ambayo huenda si ile anayoiamini yeye. Mtathmini anakuja, anapiga picha, anaandika ripoti. Gereji inatuma makadirio, bima inayapunguza, gereji inakataa, wanavutana. Ndipo inapotoka barua ya idhini, na mpaka hapo hakuna bolti hata moja iliyofunguliwa. Fundi akifungua akakuta redieta nayo imepasuka, jambo ambalo picha za nje haziwezi kuonyesha, inatakiwa idhini nyingine, na mtathmini anasubiriwa upya. Kazi ikiisha, gari linakaguliwa tena, mwenyewe anatia saini hati ya kuridhika, analipa sehemu yake ya hasara, kisha anangoja barua ya kuliachilia.

Kila kituo katika safari hiyo kina ofisi yake na mkubwa wake, na hakuna hata mmoja anayejumlisha siku zote. Ndiyo maana kila anayelaumiwa anaweza kuapa, tena kwa dhati, kwamba si yeye. Gereji inasema bima. Bima inasema mtathmini. Mtathmini anasema gereji haikutuma picha. Wote watatu huenda wanasema kweli, na gari bado liko pale pale.

Sheria ya Bima inataja siku 90 za kulipa dai. Ni muda mrefu mno kwa mtu ambaye anasubiri bampa, lakini hata huo haumsaidii sana, kwa sababu kinachopimwa ni malipo. Siku ambazo mwenye bima ametembea kwa miguu hazina mstari kwenye fomu yoyote.

Haki itendeke kwa mafundi pia. Wapo wanaofanya kazi leo na kulipwa na bima baada ya misimu kupita. Fundi anayedaiwa na muuza spea hawezi kununua taa ya gari lako kwa fedha ambazo hajalipwa za gari la jirani yako. Na nchi hii imeona kampuni za bima zikiyumba: Blue Shield iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2011, Concord ikafuata 2013. Mwenye gereji aliyeshuhudia hayo ana sababu ya kung'ang'ania funguo mpaka aone hela. Anachokosea ni kumfanya mwenye gari kuwa rehani katika deni lisilo lake.

Kisha kuna spea. Magari mengi yanayoingia nchini ni mitumba ya Japani, yenye umri usiozidi miaka minane kama kanuni inavyotaka. Sehemu kubwa yalitengenezewa soko la Japani lenyewe, kama Toyota Mark X au Mazda aina ya Demio. Wakala wa hapa hakuyauza yakiwa mapya, na hana sababu ya kuwekea rafu vipuri vyake. Hata namba ya chasi ya magari hayo ni fupi. Haifuati mpangilio wa herufi na tarakimu 17 unaotumika kwingi duniani, basi ukiiingiza kwenye kompyuta ya wakala inaweza isikupe kitu. Ndipo kijana anapotumwa Grogan, kule Barabara ya Kirinyaga, kuulizia duka kwa duka. Ikikosekana Grogan inaagizwa Dubai au Sharjah, ambako mitaa mizima inaishi kwa kuuza spea zilizong'olewa kwenye magari. Kwa ndege ni siku chache na bei inapanda. Kwa meli ni wiki.

Wanunuzi wa magari mapya nao hawajaponea. Tangu mashambulizi ya Wahouthi kwenye Bahari ya Shamu yaanze Novemba 2023, meli nyingi kutoka Ulaya zimelazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Septemba 2025, wadukuzi walivuruga mitambo ya Jaguar Land Rover. Viwanda vyake vikasimama kwa muda wa wiki tano hivi, na usambazaji wa vipuri ukatetereka. Mteja wa Nairobi hawezi kulaumu gereji kwa hayo.

Lakini dharura huelezwa. Mtu akiambiwa siku ya kwanza kwamba gia boksi inatoka Ujerumani na itachukua miezi miwili, ataamua mwenyewe: asubiri, atafute mtumba, au aliuze gari lilivyo. Asipoambiwa, amenyimwa nafasi ya kuamua, na mara nyingi hanyimwi kwa bahati mbaya. Gereji inajua kwamba gari lililo uani kwake halitaenda kwa mshindani. Kwa hiyo inapokea yote, kama fundi cherehani wa wiki ya Idi anayekusanya vitambaa vya mtaa mzima akijua fika kwamba mashine yake ni moja. Fundi mjanja zaidi hulifungua gari siku hiyo hiyo. Injini ikishatapanywa chini, mwenyewe atalivuta kwenda wapi?

Kwa mawakala wakubwa hakuna haja ya kutapanya injini. Kuna waranti. Mnunuzi wa gari jipya ameambiwa kwamba akilipeleka nje hata kwa kubadilisha oili tu, waranti yake itakuwa mashakani. Amefungwa kwa miaka mitatu au zaidi, na wakala anajua. Afrika Kusini iliona tatizo hili: tangu Julai 1, 2021, miongozo ya Tume ya Ushindani ya huko inamruhusu mwenye gari kulipeleka kwa gereji huru bila kupoteza waranti nzima. Huku kwetu, mwenye gari lililokwama kwa wakala hana pa kwenda. Tunadhani Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ina kazi ya kufanya hapo, na haihitaji kuanza na karatasi tupu.

Sasa tuje kwenye sheria yetu wenyewe, ambayo si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inataka makadirio yatolewe kabla ya kazi, na inakataza gereji kutoza zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio iliyoyatoa. Inasema pia kwamba spea mpya au iliyofanyiwa ukarabati, pamoja na kazi ya kuifunga, ina dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, lolote litakalotangulia. Ni mwenye gari yupi aliyewahi kusomewa haya kwenye kaunta ya gereji?

Tatizo ni kwamba sehemu hiyo inalinda mfuko na kusahau kalenda. Gereji ikizidisha bei kupita asilimia 10 imevunja sheria. Ikikaa na gari kwa miezi minne badala ya wiki moja, mwenyewe abaki akitafuta njia ya kuthibitisha kwamba kulikuwa na ahadi.

Linganisha na sheria ya kuuza mali ambayo haijachukuliwa, Sura ya 38. Wewe ukiliacha gari kwa fundi miezi sita bila kulilipia na kulichukua baada ya kuambiwa liko tayari, anaweza kutoa notisi na kulipiga mnada. Kwa hiyo Bunge linaweza kuhesabu siku likitaka. Limezihesabu upande mmoja tu.

California imezihesabu upande wa pili. Tangu 1970 jimbo hilo la Marekani lina sheria, inayojulikana kwa majina ya waasisi wake Song na Beverly, inayotaka bidhaa iliyo chini ya waranti itengenezwe ndani ya siku 30, ila mnunuzi akikubali muda zaidi kwa maandishi. Gari jipya likikaa gereji kwa jumla ya zaidi ya siku 30 katika miezi 18 ya mwanzo au maili 18,000, sheria inachukulia kwamba kampuni iliyoliunda imepewa nafasi ya kutosha, na mnunuzi anaweza kudai arudishiwe fedha au apewe gari jingine. Hatusemi tuibebe sheria hiyo ilivyo. Bandari yetu si ya Los Angeles, na wengi wetu hatununui magari mapya. Tunachotaka kuchukua ni wazo kwamba siku zinahesabika na zina mwenyewe.

Gari mbadala lipo Kenya, tusije tukaonekana tunaomba muujiza. Kampuni kadhaa za bima huliuza kama nyongeza ya bima kamili, kwa siku zilizowekewa kikomo, na gari likiwa limepata ajali au kuibwa. Likifa injini lenyewe, halihusiki. Shida ni ule ukomo wa siku. Kikomo kimepangwa na kampuni ile ile inayoamua idhini itatoka lini. Siku za gari mbadala zinaweza kuisha kabla gereji haijaruhusiwa kununua bampa, na hapo mwenye bima amelipia nyongeza iliyomfikisha nusu ya njia. Mamlaka ya Kudhibiti Bima inapaswa kusema wazi: madamu ucheleweshaji ni wa bima, siku za gari mbadala zisikatike. Kampuni ikiona zinaigharimu, itaharakisha idhini. Hiyo ndiyo maana yake.

Mawakala nao huwa na magari ya kuazimisha, ila mara nyingi hutolewa kwa mashirika yenye magari mengi na kwa wateja wanaojuana na meneja. Mwenye gari moja haambiwi kwamba yapo. Aulize. Akilipata, asome karatasi kabla ya kuwasha, kwa sababu gari la kuazima lina mitego yake. Likigongwa, ni bima ya nani italipa, na sehemu ya hasara ni kiasi gani? Mke au kaka akiendesha itakuwaje? Kuna kikomo cha kilomita? Mikwaruzo iliyopo ipigwe picha mbele ya anayekabidhi, pamoja na geji ya mafuta. Kuna watu waliorudisha gari la hisani wakapewa ankara ya mlango.

Tena gari mbadala si dawa ya kila mtu. Bima yake kwa kawaida ni ya matumizi binafsi, basi dereva wa teksi hawezi kulibebea abiria, na mwenye pikapu hatalipakia magunia. Kwa hao tunasema walipwe fedha. Na kwa makanika wa jua kali asiye na gari lolote la kuazimisha, inatosha sheria imtake akate sehemu ya ada yake ya ufundi kwa kila siku inayopita tarehe. Itamuuma kidogo, na ndivyo inavyotakiwa.

Tunajua jibu litakalokuja: gharama zitapanda. Gharama ipo tayari. Leo inalipwa na mwalimu anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu mbili, na mgonjwa anayepelekwa kliniki kwa teksi wakati gari la nyumbani liko juu ya mawe. Tunataka ihamie kwa mtu mwenye uwezo wa kuizuia. Na ikimlazimu wakala kukataa magari ambayo hana nafasi nayo, au kumwambia mteja aje baada ya wiki mbili spea ikishafika, hapo ndipo tutakapojua kwamba kanuni inafanya kazi.

Wenye magari wasijione malaika. Kuna anayeficha kwamba gari lilishapita kwa mafundi watatu. Kuna anayenunua spea bandia mwenyewe kuokoa shilingi, kisha anadai fundi ameharibu. Kuna anayekubali makadirio na kutoweka inapohitajika rubuni ya kununulia vifaa. Kwa watu wa namna hii saa ya gereji isimame mpaka watimize sehemu yao, na tarehe mpya iandikwe.

Waziri wa Biashara ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya sheria ya 2012. Aanze na fomu ya makadirio: bei isiwe peke yake, pembeni yake iwepo tarehe, na chini yake kiasi kitakachokatwa kwa kila siku ya kuchelewa. Mabadiliko ya sheria yenyewe yatachukua muda wake bungeni. Fomu haihitaji kungoja.

Wewe mwenye gari usingoje hata fomu. Kabla ya kutoa funguo, taka tarehe kwa maandishi. Wakikataa kuandika, watumie ujumbe wa WhatsApp ukitaja walichokuambia, nao wakijibu hata kwa "sawa," una ushahidi. Andika namba ya kilomita na kiwango cha mafuta. Usikubali gari lifunguliwe kabla hujaambiwa spea iko wapi. Omba urudishiwe kilichong'olewa. Hati ya kuridhika usiitie saini ofisini. Endesha kwanza, pita kwenye matuta, washa taa zote. Bima ikikuchelewesha, peleka malalamiko kwa mamlaka yake, kwa barua yenye tarehe za kila hatua tangu siku ya ajali. Nauli ulizolipa, weka risiti, hata za simu.

Na ikishindikana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za hadi shilingi milioni moja na inatakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60 tangu zifunguliwe. Unaweza kujisimamia bila wakili.